Sindano na Uzi

Jumatatu, kabla sijafungua dirisha la pili la duka,
Bi Kazija wa Kipangani alikwisha kusimama mlangoni,
kompyuta kaifunga kanga, kaipakata
kama mtoto anayepelekwa chanjo.
"Kishale kimepotea," akasema. "Vyengine vyote vimo."

Nikaiwasha. Ikakohoa, ikakusanya pumzi,
ikamwaga kiooni rangi zake kumi na sita.
Programu ya kuchorea kofia:
aliyeiandika amehamia Maskati, simu yake haipatikani,
na mashine mpya nilizoijaribishia
zimeitapika zote, moja baada ya moja.
Humo mna viua mia tatu na kumi na moja,
kila kimoja na jina alilokipa mwenyewe:
Mwiba wa Ndimu, Jicho la Kasa,
Mkwe Kaja Bila Hodi.

Nikasukuma kipanya. Menyu ikafunguka,
kitufe kikabonyea, mstari ukakatika,
lakini kilichobonyeza hakionekani.
Nilikuwa nakuna mgongo wa mtu gizani.

Nikaanza na la karibu.
Nikampasua kipanya tumbo, nikatoa kijipira,
nikakwangua vigurudumu: nywele,
nyuzi nyeupe, unga wa bajia.
Kimya.
Nikaing'oa kadi ya michoro,
nikayasugua meno yake ya shaba kwa raba ya mwanangu
hadi yakang'ara, nikayarudisha kwenye ufizi.
Kimya.
Nikafuta dereva, nikapandisha wa zamani,
nikapunguza ukubwa wa picha, nikazima, nikawasha.
Umeme nao ukakatika.
Nikatamka neno lisilotamkwa mbele ya mtu mzima,
na Bi Kazija, kwa hisani yake,
akawa anatazama mbuzi wa jirani.

Ulipoliwaka tena taa nikaona:
nje ya programu kishale kipo, kinarandaranda;
ukiingia ndani tu, hakuna.
Hapo nikakumbuka, na shingo ikaniwaka moto.
Kadi ile niliibadilisha mimi, mwezi wa Shaabani,
ya asili ilipoungua. Na pesa nilichukua.

Nikamweleza, macho nimeyaweka kwenye bisibisi:
kadi hii ina haraka kuliko ile.
Kishale haikichori ndani ya picha,
inakipeperusha juu yake, mbali kidogo,
na programu kongwe haijui mambo ya kupeperusha,
inachora chake na kukifunika.
Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha:
"Mimi sindano ikinidondoka mkekani
siitafuti kwa macho. Navuta uzi."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.
Kwenye mipangilio ya kipanya
kuna kijisanduku ambacho miaka yote
nilikidhani pambo la kuwafurahisha watoto:
kishale kiburure mkia.
Nikakitia alama. Nikaingia kwenye kofia.

Kikaja. Kikaja na wenzake watano nyuma yake,
vivuli vyembamba vinavyofifia kimoja kimoja.
Kadi haikuweza kuubeba mkia ule peke yake;
ikabidi ishuke, ichore pamoja na wengine,
polepole, doti kwa doti,
humo humo mwenye picha.

"Si nilikwambia," akasema, hakuongeza.

Nikamtajia elfu tano. Akanitazama
mpaka ikawa elfu mbili, mpaka ikawa
tutaonana Ijumaa.
Buluu bado inatoka zambarau, hilo hatukuligusa;
anasema wateja wa Micheweni wameizoea.
Kabla hajaifunga kanga, akafungua kiua kipya,
hakina jina bado, na mkono wake
ukapita juu ya matundu bila kukosea,
uzi wa vivuli ukiufuata nyuma.

Nami nilibaki na raba ya mtoto,
imeliwa nusu, ina rangi ya shaba.