Eneo Chini ya Mstari

Mwalimu Luambano alichora kwa chaki fupi kama kipisi cha sigara,
darasa la jioni, Ilala, nyuma ya duka la magodoro:
mhimili uliolala ni muda,
mhimili uliosimama ni kasi.
"Kasi yenye upande," akasisitiza.
"Kupanda ni chanya. Kushuka ni hasi."
Nikacheka peke yangu.
Hiyo ndiyo kazi yangu, Mwalimu. Naianza saa moja na nusu asubuhi.

Mimi ni wa lifti. Jengo la mtaa wa Mkwepu, ghorofa nane,
kiti cha plastiki, feni ndogo,
vitufe ambavyo namba zake zimefutika kwa vidole vya watu,
isipokuwa tatu, ambako hashuki mtu
tangu kampuni ya bima ifunge milango.

Nikashika penseli.
Sekunde mbili lifti inajikusanya, kutoka sifuri hadi mita mbili kwa sekunde;
kumi inakwenda, haina haraka wala uvivu;
mbili inajizuia, kama mtu aliyemwona mdai wake mbele.
Kilima chenye kichwa bapa.
Pembetatu, mstatili, pembetatu:
mbili, ishirini, mbili.
Mita ishirini na nne. Nimefika nane.

Kushuka ni kilima kilekile, kimepinduliwa,
kinaning'inia chini ya mstari kama popo.

"Umbali," akasema Mwalimu, "haujui kurudi.
Jumlisha yote, ya juu na ya chini, ishara tupa dirishani."
Arobaini na nane.
"Haya, sasa uhamisho."

Darasa zima likaguna.
Nusu yetu tuna barua za uhamisho
zilizolala kwenye meza za watu.
Yusta, muuguzi, mumewe yuko Kibondo tangu mtoto hajaota meno.
Mimi nimeomba mara tatu nipelekwe mapokezi,
nikae mahali penye dirisha.
Mwalimu akangoja tumalize kuguna.
"Uhamisho unaheshimu ishara. Ya juu weka, ya chini toa."
Ishirini na nne, toa ishirini na nne.

Niliiandika ile sifuri taratibu,
ikawa kubwa kuliko nilivyokusudia.

Usiku, Buguruni, Semeni wangu kalala na daftari usoni,
nikaendelea na hesabu ambayo hakuna aliyeniuliza:
safari sitini kwa siku, kupanda na kushuka,
siku mia tatu kwa mwaka,
miaka kumi na mmoja.
Kilomita elfu tisa, mia tano na nne.
Ni Bukoba, kwenda na kurudi, mara tatu, na chenji inabaki.
Nimekwenda huko kote nimekaa.

Lakini kuna kipande ambacho grafu haikijui.
Machi ile, umeme ulipokatika, tulikwama kati ya tano na sita,
mimi na karani wa mawakili, Bwana Kopwe,
faili kifuani kama mtoto mwenye homa.
Dakika arobaini. Mstari umelala juu ya mhimili,
hauna kimo, hauna eneo;
Mwalimu angesema hapo hakuna kitu, ruka.
Gizani Kopwe akaniambia fizikia ilimwangusha mara mbili,
na kwamba faili lile ni la talaka,
na jina lililoandikwa juu ni lake.
Taa ziliporudi kila mtu akatazama ukuta wake.
Alishuka sita.
Alikuwa anakwenda nane.

Novemba, mtihani ulikuja kwa Kiingereza,
nikaujibu kichwani kwa Kiswahili.
Ilikuwa treni ya mtu fulani, inakwenda, inasimama, inarudi nyuma.
Nikakata maeneo, nikajumlisha, nikatoa.
Umbali sikuuonea huruma.
Uhamisho ukabaki kidogo, lakini ukabaki,
nikauzungushia duara.
Nikasahau kuandika mita.
Nilikumbuka nikiwa kwenye ngazi za shule ile,
naam, ngazi,
nashuka kwa miguu yangu, nahesabu,
na mkono bado unatafuta kitufe.