Ambatisha Leseni

Mnara wetu ni bomba la kisima kilichokauka.
Ndahani alilikokota kwa baiskeli toka Mpunguzi,
akalisimika juu ya mwamba, nyuma ya ghala la zabibu,
akalikaza kwa waya wa seng'enge,
akateremka akipangusa mikono: "Haya, jaribuni."

Tukajaribu.
Bei ya mjini ikatufikia
kabla dalali hajafunga breki.
Alipotaja yake, watoto walicheka.
"Nani kawaambia?"
Tukanyoosha vidole juu.

Kila kaya elfu tatu kwa mwezi;
asiye na taslimu, debe la mtama.
Yote nimeyaandika humu, mimi mweka hazina,
Sechelela Chidawali, kalamu ya bluu:
Zahanati, bure. Shule, bure.
Masinjisa anadaiwa miezi miwili,
ila mwanawe yuko Mirerani, hutazamana naye Jumapili.
Asikatwe.

Kisha ikaja bahasha ya kaki,
muhuri umelikanyaga jina la kijiji.
Mnatoa huduma bila leseni.
Zimeni ndani ya siku kumi na nne.
Maombi hupokelewa kwa mtandao tu.

Nilipanda mwambani nikaisoma tena,
labda huku juu ingesomeka vingine.

Nikaenda mwenyewe, Mtumba, kwenye Mji wa Serikali.
Si mbali. Usiku taa zake tunaziona
kama makaa aliyoyasahau mtu.

Dirisha la kwanza: "Mama, Mfuko upo, na fedha zipo,
za vijiji hasa kama chenu.
Ambatisha leseni."
Dirisha la pili: "Leseni inawezekana.
Ambatisha uthibitisho wa mtaji."

Nikafungua daftari.
Kijana akasoma "debe la mtama", akatazama dari,
akasoma tena.
"Sheria," akasema kwa upole, "inaijua kampuni.
Inamjua mtu binafsi.
Kijiji... fomu haina kisanduku."

Sikumlaumu. Alinipa kiti, alinipa maji.
Nikamwambia: mwanangu,
lambo tulichimba sisi, Serikali ikaleta saruji.
Darasa, sisi tofali, ninyi bati.
Hakuna aliyetuuliza leseni ya tofali.
Akacheka kidogo, akaangalia mlango.

Siku ya kumi na nne Ndahani alipanda kuzima.
Alikaa huko juu hadi jua likamuacha.
Wiki iliyofuata dalali akarudi,
akataja bei yake.
Safari hii hakuna aliyecheka.

Lakini tarehe moja, asubuhi,
nimekuta foleni mlangoni pa ghala.
Chilewa, debe kichwani. Masinjisa, noti tatu zilizokunjwa
kama dawa ya mtoto.
Nikasema, jamani, mtandao umezimwa, mnalipia nini?

"Wewe pokea," akasema Masinjisa.
"Na lile deni langu, usilifute."

Nikachovya kidole, nikafungua ukurasa mpya.
Mtama, debe moja.