Jozi Moja

Baridi ya mwaka ule, Chiatura,
umeme ulikuja kama mgeni asiyependa kukaa:
lisaa limoja usiku wa manane, kisha kwaheri.
Vigari vya waya vilikwama juu ya bonde,
vitupu, vikining'inia kama meno mabovu.
Baba alikuwa Urusi. Barua zake zikafupika,
zikawa kadi, kadi zikawa salamu za kupitia watu,
salamu zikawa kimya.

Na nyumbani tulikuwa na jozi moja ya buti.

Zilikuwa za mama, kabla kifua hakijamlaza.
Ngozi ya kahawia, zipu moja imekufa,
tumeifunga kwa waya wa simu.
Mimi nilisoma asubuhi, Tsiala alasiri;
shule ilikuwa na zamu mbili, na sisi tukawa na zamu zetu.
Kengele ya saa sita na nusu ikilia
nilipanda kilima mbio, theluji hadi magoti,
nikazivua mlangoni zikiwa bado na joto langu.
"Ahsante kwa kunipashia," husema, akijisukumiza ndani.
Zilimbana. Alikuwa na miaka kumi na sita na mguu wa baba.
Alikunja vidole, akavuta pumzi, akaenda.

Nilimnung'unikia, Mungu anisamehe.
Kila asubuhi nilizikuta na tope jeusi,
jeusi la kung'aa, lenye kushika mikononi kama wino,
nikalikwangua kwa kijiko.
"Shule moja, njia moja. Wewe unapita wapi?"
"Napita palipo na njia," akasema,
akanikatia ule upande wa mkate wenye ganda.

Machi wakaita wazazi. Mama hakuweza kuinuka.
Nikaenda mimi baada ya vipindi,
nikapanga foleni na watu wazima wanaonuka mafuta ya taa.
Mwalimu Lamara akashusha miwani.
Hakusema kitu. Aligeuza daftari la mahudhurio linielekee.
Jina la dada lilikuwepo, na mbele yake
sufuri, na sufuri, na sufuri, tangu Novemba,
kama mtu anayejifunza kuandika herufi moja tu.

Nikampelekea buti. Nilichelewa, nikasingizia theluji.
Alipotoka, nikafunga mifuko ya plastiki juu ya soksi,
nikamfuata.

Hakukata kulia, kwenye shule.
Alishuka hadi mtoni, chini ya kiwanda kilichofungwa,
ambako wanawake huchekecha mabaki ya manganizi
na kuyauza kwa ndoo kwa mwanamume mwenye lori.
Walikuwa tisa. Wa kumi ni Tsiala,
sketi ameifunga kiunoni,
maji meusi yamemfika chini ya magoti,
na vipande vya barafu vinampita kana kwamba vina haraka zao.

Buti zilikuwa juu ya jiwe.
Amezisimamisha pamoja, kisigino kwa kisigino,
amezifunika kwa skafu yake zisirukiwe na maji.

Miezi mitano nilikwangua tope la nje.
Sikuwahi kujiuliza kwa nini ndani zilikuwa kavu.

Sikumwita. Nilirudi, mifuko imetoboka,
nikabandika maji jikoni, nikamaliza kuni za siku mbili.
Mama akauliza kutoka kitandani, "Nani anaoga?"
"Hakuna," nikasema. "Ni maji tu."

Akaja giza limeingia. Akaliona beseni.
Akaiona mifuko yangu iliyoanikwa, inadondosha matone meusi.
Akanitazama kwa muda mrefu, halafu akakaa,
akatumbukiza mguu mmoja, akauma mdomo,
akatumbukiza wa pili.
Vidole vyake vilikuwa vimejikunja, havikunjuki tena.

"Mtihani wa hesabu umepata ngapi?"
"Nne."
"Kati ya tano?"
"Ndiyo."
Akafumba macho. Mvuke ukampanda usoni.
"Na hiyo moja," akasema, "umeidondosha wapi?"