Kibao cha Shaba

Ukumbi wa hoteli, Bismarck, mwezi wa pili.
Nje theluji imepanda hadi kwenye taa za magari.
Wanamwita: Koplo Lorna Heidrich,
madereva walevi arobaini na saba,
mikanda isiyofungwa mia tatu na kumi na mbili.
Makofi. Viazi vinapoa sahanini.

Anakipokea kwa mkono wa kushoto;
wa kulia haujakunja ngumi sawasawa
tangu lori la ngano limkwangue akiandika faini.

Msemaji ana takwimu. Hana
yule mzee wa Steele aliyemwita mwehu,
akaikunja karatasi mara nne,
akafunga mkanda kwa hasira
na kwa hasira hiyohiyo akafika kwake,
akanywa supu, akalala.
Hatajua kamwe. Wala Lorna hajui.
Kinga haina kovu la kuonyesha.

Anayemjua kwa jina ni mmoja,
Tanner Opp, miaka kumi na tisa,
aliyemsamehe Oktoba, kwa onyo tu,
kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa
na kijana alikuwa na adabu.
Maili sita mbele.
Huyo hayumo kwenye hesabu.

“Sema neno, Lorna.”
Kipaza sauti kinakoroma.
“Asanteni. Barabara inateleza usiku huu.
Fungeni mikanda.”

Wanacheka, wakidhani ni utani.
Anatangulia kutoka, anasimama getini,
kibao kwapani,
akichungulia mabega yao, gari moja moja.