Kokwa Tano

Usiku wa kwanza Shinuna alitugawia kokwa,
tano kila mtu, za tende za khalasi tulizotoka kula,
zingali zinanata vidoleni.
Kila ukisema, akatwambia, weka moja kisahanini.
Zikikwisha, nawe umekwisha. Funga mdomo, sikiliza.

Tulikuwa wanne juu ya zulia la majlisi, Mabela,
kiyoyozi kikikohoa,
simu imelazwa chali inahesabu dakika kumi na tano,
na mada tumeiokota gazetini:
je, wafanyakazi wa bandari wafanyie kazi nyumbani
siku moja kwa wiki?
Azzan akauliza meli nazo zitatia nanga wapi, uani?
Hiyo haikuhesabiwa. Mzaha ni bure.

Azzan alimaliza zake dakika ya tatu.
Mimi nilifika mwisho nazo zote,
zimelowa jasho la kiganja,
kama mtu aliyekwenda sokoni akarudi na pesa zake
akasifu bei.

Kwa sababu neno langu hupita njia ndefu.
Huamka kwa Kiswahili, jikoni kwa mama,
huvaa Kiarabu cha shule, likafunga vifungo vyote,
na likifika mlangoni pa Kiingereza
wenzake wamekwisha kaa.

Usiku wa pili tukamwomba mama awe msaili.
Kiingereza chake ni cha vibandiko vya dawa:
mara tatu, baada ya chakula.
Akakaa na daftari la madeni ya cherehani, miwani puani,
akaandika, akafuta, akaandika.
Tulipomaliza akasoma:
Azzan anasema kama anayefukuza kuku.
Shinuna anamtazama msemaji, lakini anasubiri tu apumue.
Thuwaini amekubali mara sita, sijui amekubali nini.
Na wewe mwanangu umefungua mdomo mara nne,
mara nne ukaumeza.
Kufahamu, sikufahamu hata neno.
Ila nimeona nani kamkanyaga nani.

Basi tukajifunza.
Kumkatiza mtu bila kumkata.
Kushika ncha ya kauli ya mwenzio, ukaunga yako hapo.
Kusema sikubaliani, nyusi zisipande.
Kusema "kama alivyosema Azzan",
na liwe kweli ndilo alilosema Azzan,
si lile ulilotamani aseme ili umpige.
Hili la mwisho lilituchukua siku tatu
na ugomvi mmoja, na Thuwaini kwenda zake bila viatu.

Siku yenyewe, Ghala, ghorofa ya sita.
Meza ya kioo, watu wanane,
magoti kumi na sita yakitikisika hadharani.
Wasaili wawili ukutani, kalamu zao hazina haya.
Mfukoni mwa abaya nilikuwa na kokwa tano.

Ya kwanza niliitumia mapema, woga haujaamka.
Ya pili, kumrudishia kijana wa Ibri sentensi yake
aliyoporwa katikati.
Ya tatu ilikuwa upuuzi, nakiri.
Ya nne: zimebaki dakika mbili, na bado hatujakata shauri.
Wakageuka kunitazama
kama watu waliowashiwa taa usingizini.

Majibu, walisema, baada ya wiki mbili, kwa ujumbe.

Mama hakuniuliza, umepita?
Alikuwa akipepeta mchele. Aliuliza,
umebakiwa na ngapi?
Nikaitoa. Moja.
Mbona hukuitumia?
Nilikuwa namngoja yule kijana wa Ibri amalize
nimpinge.
Enhe?
Akamaliza. Nikaona kasema kweli.

Mama akarudi kwenye ungo wake, chwa, chwa.
Kokwa nimeiweka juu ya friji, ubavuni mwa simu.
Leo siku ya tisa.
Vyote viwili kimya.