Risiti ya Madirisha Manane

Madirisha haya niliyaziba mimi.
Msimu ule wa tumbaku nyingi, miaka kumi na moja sasa,
meneja Lugusha alinipigia simu nikiwa Ipuli
nikipiga lipu choo cha mtu:
njoo Kiloleni na mwiko wako, upepo unanitia hasara.

Na kweli, Agosti ya Tabora si ya mchezo.
Upepo unatoka porini, mkavu kama ganda la muhogo,
ukiingia ghalani jani linakakamaa,
likishikwa linavunjika, likivunjika
daraja linashuka, na bei nayo.
Ukutani palitundikwa saa ya kupimia unyevu,
kioo chake kikifutwa kila asubuhi.
Ilikuwa ya jani.
Wanawake sitini na wawili waliokaa kwenye mabenchi wakichambua
hawakuwa na saa.

Nikachanganya moja kwa nne, saruji na mchanga wa mtoni.
Nasema ukweli: nilijivunia.
Matundu tisa, siku tatu,
timazi haikunisuta hata mara moja.
Shemeji yangu Nyanzala alikuwa ndani, benchi la mwisho,
akanitania kupitia tundu la tisa kabla sijalifunga:
"Fundi, tuachie basi hata pa kupitishia salamu."
Nikacheka. Nikaweka tofali.

Mwaka huu amekuja mkaguzi, Bi. Ndekirwa,
mfupi, viatu vya kamba, futi ya chuma mkononi.
Akapima urefu. Akapima upana.
Kimo, akaishia mbali na paa.
Lugusha akamwonyesha juu: "Tazama, mama, hewa ipo tele,
paa hili refu kama la kanisa."
Aliandika kwanza, ndipo akajibu:
"Hiyo ya juu ni ya popo. Sheria haiihesabu.
Inahesabu hewa ambayo mtu anaifikia kwa pua yake."
Akagawanya kwa vichwa. Akagawanya tena,
kama asiyeiamini kalamu.
Kisha akasimama katikati ya chumba akakohoa,
na hilo halikuwa na nafasi kwenye fomu.

Ndipo simu ikaja tena. Fundi yule yule.
Nyundo, tindo, matundu manane.
Manane, kwa hesabu ya sakafu, yametosha;
la tisa libaki, limeegemewa na kabati la vipuri.

Saruji yangu ilikataa.
Siku nzima nilipigana na mkono wangu wa ujana,
mkono uliokuwa na sifa mji mzima.
Tundu la tatu nikakuta alama ya gumba langu,
imekauka, mistari yote ipo.
Tofali la kwanza lilipodondokea nje
lililotangulia kutoka ni vumbi,
rangi ya ugoro, polepole,
kama mtu aliyekaa sana kwenye foleni
hata akasahau alichofuata.
Wanawake wakageuza nyuso. Hakuna aliyepiga kigelegele.
Milembe akafungua kanga aliyojiziba nayo mdomo,
akaifunga tena. Hajazoea.

Nyanzala hayupo. Alirudi Sikonge na kifua chake
msimu wa nne.
Nilimpelekea asali mara mbili.
Kuhusu tofali, sijampelekea neno.

Jioni Lugusha akanihesabia noti juu ya mzani:
"Ulikula kuziba, leo umekula kuzibua!"
Nikaandika risiti kwa herufi kubwa,
madirisha manane, tindo moja iliyovunjika,
nauli ya baiskeli ya kubebea kifusi.

Kabla ya kufunga mfuko nilisukuma lile kabati
upana wa bega. Nikagonga.
Tofali moja tu, la tisa,
kwenye kimo cha mtu aliyekaa.
Hilo sikuliandika.
Nikainama, nikasogeza mdomo nipitishe salamu,
ila upepo ulikuwa unaingia,
ukanirudishia vumbi langu machoni.