Dumu la Lita Ishirini

Dumu lilipasuka kitako mwezi wa sita.
Nikalikata kwa kisu cha mkate,
nikatoboa matundu kwa msumari wa moto,
matano yangetosha, nikafika tisa,
mkono ulishanogewa.

Udongo wa Nkuhungu ni mwekundu, mbishi:
ukimwagia maji, yanakukimbia kama mdaiwa.
Nikaulainisha kwa mchanga wa korongoni
na samadi ya mbuzi, nyungo mbili,
iliyokaa mpaka ikaacha kunuka.

Mnanaa wa kwanza niliuua kwa mapenzi.
Nikitoka lindo asubuhi, maji;
nikienda lindo jioni, maji.
Ukawa njano, ukalala, mizizi ikageuka uji.
Machite, jirani yangu, alishika kiuno akacheka:
"Dodoma hii, watu wanalala na ndoo kavu,
wewe umemzamisha mtu!"

Mchaichai niliununua Majengo, fungu la mia tano,
nikachagua mashina yenye kisigino cheupe,
nikayasimamisha kwenye kikombe cha maji siku kumi.
Yalitoa mizizi kama ndevu za mvulana.
Nikayapanda.
Beberu la Ndahani likayala kabla ya saa nne.
Hakuna aliyenilipa. Mbuzi hakukohoa mwezi mzima,
alisema Ndahani, na sikujua kama ni utani.

Rozimari niliiokota. Kule Mtumba, ninakolinda,
wanapunguza ua wa ofisi kwa mkasi mkubwa,
matawi yanakwenda jaani yananukia.
Nilileta sita, nimeyaviringisha kwenye gazeti lenye unyevu.
Manne yalikufa yamesimama wima,
kijani kile kile, kama mlinzi aliyesinzia macho wazi,
nikayamwagilia wiki tatu sina habari.
Mawili yalishika.

Bomba letu hutoa Jumanne usiku, likipenda.
Kwa hiyo maji ya kuoshea mchele hayamwagwi,
na upepo wa Julai, usiojua hodi,
nimeuwekea kiroba cha sembe, misumari minne.

Kivumbasi hakikunisumbua. Kiliota tu.
Nikajiona mganga.
Nikachukua kalamu ya wino mzito,
nikaandika ubavuni mwa dumu: HUTIBU HOMA.

Usiku wangu wa mapumziko, saa saba,
Machite alibisha, bakuli mkononi,
Nyemo mgongoni, shingo imelegea.
"Nipe yale majani. Yale uliyoandika."

Taa ya simu ilimulika dumu.
Herufi zangu zilikuwa kubwa, nzuri, zimenyooka.
Nilishika tawi. Sikulichuma.
Jani halina darubini, nilitaka kumwambia,
jani halijui kilichomo kwenye damu ya mtoto.
Nilichosema ni: "Vaa viatu."

Watatu kwenye bodaboda, mimi nyuma nikitimua mbio
mpaka pumzi ikanikatikia njiani.
Kidole kikachomwa, kipimo kikasema malaria,
na nesi, bila kuinua uso, akauliza:
"Mmempa nini nyumbani?"
"Hatujampa kitu," Machite akajibu.
Sijawahi kushukuru kitu kama hicho "hatujampa".

Asubuhi nilichukua steli na majivu.
Wino ulikataa kutoka. Nilisugua mpaka plastiki ikapauka,
na bado ukilisogelea dumu kwenye jua la saa sita
utasoma HUTI, kisha doa.
Chini yake nimeandika jina tu, na tarehe ya kupanda.

Chai ya mchaichai ninakunywa, mbuzi akiniachia.
Rozimari naiweka kwenye viazi.
Kivumbasi nakifikicha mlangoni, mbu wachukie kidogo,
ila chandarua bado nafunga.

Jana Nyemo alikuja, kakonda, macho makubwa,
nikamwonyesha namna ya kuuliza udongo:
kidole mpaka pingili ya pili, usitikise, sikiliza.
Alikaa hivyo muda mrefu, amekunja uso
kama wanavyofanya wale wa maabara.
Akachomoa kidole, akakinusa.
"Bado kuna maji," akasema.
"Tusimpe kitu."